Kuingilia na Kuingiliwa: Hitilafu baina ya Redio za Mawasiliano na Elektroniki za Injini ya Dizeli katika Kiswahili cha Gereji

Ikisiri

Makala haya yanaeleza hitilafu inayotokea pale redio ya mawasiliano iliyofungwa ndani ya lori la dizeli inaposumbuliwa na vifaa vya elektroniki vya injini, au pale injini yenyewe inaposumbuliwa na redio. Hoja kuu ni kwamba hizi ni hitilafu mbili, si moja, na kwamba neno mwingiliano, lililozoeleka katika maandishi, huzifunika zote mbili na kumnyima fundi taarifa anayoihitaji kwanza: nani anamwingilia nani, na kwa njia ipi. Makala yanaonyesha namna ya kutambua mwelekeo na njia hiyo kwa sikio na kwa vifaa vichache, kisha yanajadili marekebisho yanayofaa kila hali.

Maneno msingi: redio ya mawasiliano, injini ya dizeli, uingiliaji, istilahi, Kiswahili cha gereji

1.0 Utangulizi

Lori linalopakia mzigo Mombasa na kuushusha Goma hupita Malaba, Kampala na Kigali, na katika safari hiyo dereva hubadili Kiswahili kama anavyobadili gia. Chombo cha mawasiliano kilichofungwa ndani ya kabini yake, ambacho Wakenya na Watanzania hukiita redio koli au simu ya upepo, kikifika Burundi na mashariki mwa Kongo huwa foni. Waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ambao kwa fundi wa Kampala au Nairobi ni ethi, kwa fundi wa Goma ni masi. Kompyuta inayoendesha injini ni kontroli boksi upande mmoja wa mpaka na kalkilateri upande wa pili. Kisichobadilika sana ni vitenzi. Redio inanguruma, inakwaruza, inapiga mluzi. Injini inakata, inamisi, inazima. Makala haya yanavitegemea zaidi vitenzi hivyo kuliko majina.

Redio hizi hazijapitwa na wakati. Mahali pasipo na mnara wa simu, redio ya HF, inayotumia masafa ya kati ya megahezi 3 na 30, bado humfikia msikilizaji aliye mbali kwa mamia ya kilomita bila kituo cha katikati, kwa kuwa mawimbi yake hurudishwa chini na tabaka la ayonosfia. Redio ya VHF, ambayo kwa kawaida hufanya kazi kati ya megahezi 136 na 174, hutosha kwa malori ya msafara mmoja yanayokaribiana. Misafara ya mashirika ya misaada na walinzi wa hifadhi huzitumia zote mbili.

Kilichobadilika ni lori lenyewe. Injini ya dizeli ya zamani, yenye pampu ya kimekanika, haina plagi za kuwasha moto, kwa hiyo haina cheche za kuisumbua redio kama ilivyo kwa injini ya petroli. Ikishawaka haihitaji umeme isipokuwa, katika baadhi ya magari, ule mdogo wa kuishikilia vali ya mafuta iwe wazi. Mafundi wengi wa redio walijifunza kazi katika magari hayo, na usemi wao kwamba dizeli haina kelele ulikuwa wa kweli. Mwaka 1995 kampuni ya Denso ya Japani iliingiza sokoni, katika lori la Hino, mfumo wa reli moja ya mafuta yenye shinikizo kubwa, ambamo kila injekta hufunguliwa kwa umeme kwa amri ya kompyuta. Leo mifumo ya namna hiyo imo katika malori mengi, yakiwemo yale yanayoletwa Afrika Mashariki baada ya kutumika kwingine, na usemi wa dizeli isiyo na kelele umebaki kinywani hali ukweli wake umeondoka.

Hasara yake si ya sikio tu. Dereva anayebonyeza kitufe cha redio katikati ya mlima, kisha injini ikazima, hupoteza pia msaada wa usukani unaosukumwa na injini, na pampu ya upepo wa breki huacha kujaza matangi. Kwa upande mwingine, dereva asiyesikia onyo la msafara kwa sababu spika imejaa ngurumo huingia asikopaswa kuingia. Kuna hasara ya tatu, ndogo kwa uhai na kubwa kwa mfuko: kontroli boksi nzima kubadilishwa bila kosa, na hitilafu kubaki palepale.

2.0 Neno mwingiliano na tatizo la mwelekeo

Katika maandishi ya Kiswahili, hali hii kwa kawaida huitwa mwingiliano wa mawimbi. Neno hilo limenyambuliwa kutoka kitenzi ingilia kwa kuongezwa kiambishi cha kutendana -an-. Ni kweli kwamba kiambishi hicho hakidai kila mara watendaji wawili wanaorudishiana tendo. Hata hivyo, maana inayomjia msikilizaji kwanza ni ya pande mbili, na matumizi ya neno hilohilo katika taaluma nyingine, kama vile mwingiliano wa lugha na mwingilianomatini, yameiimarisha maana hiyo. Fundi anayeandikiwa kwenye karatasi ya kazi kwamba lori lina mwingiliano kati ya redio na injini hajaambiwa lolote la kumwanzisha. Hajui kama anatafuta kelele ndani ya redio au udhaifu ndani ya nyaya za injini, na vifaa vya kazi hizo mbili ni tofauti.

Umbo lisilo na -an- lingefaa zaidi. Uingiliaji wa injini katika redio ni jambo moja. Uingiliaji wa redio katika injini ni jambo jingine. Maneno ni marefu kidogo, lakini mtenda na mtendwa wanaonekana. Kwa aina ya kwanza gereji tayari ina jina fupi, kelele, na hakuna sababu ya kulikimbia eti ni la mtaani. Kwa aina ya pili gereji haina nomino kabisa. Ina sentensi: "Fundi, nikibonyeza redio, gari linakata." Na sentensi hiyo, ikitazamwa kwa makini, ni utambuzi kamili wa hitilafu. Kiambishi -ki- kinabeba sharti na wakati kwa pamoja. Kinasema kipi kinatangulia na kipi kinafuata. Ikilinganishwa na "redio inasumbua na gari linakata", ambayo dereva mwenye haraka hupenda kuitumia, ya pili imeunganisha matukio kwa na tu, na uhusiano wa sababu umepotea. Fundi mzoefu hurudi nyuma na kuuliza: linakata ukifanya nini? Kwa lugha ya sarufi, anaidai ile -ki-.

Jambo la pili linalohitaji jina ni njia. Usumbufu wa umeme husafiri ama ndani ya waya ama hewani. Istilahi zake zipo tangu darasani, katika somo la joto: mpitisho kwa kile kinachopita ndani ya kitu, na mnururisho kwa kile kinachosambaa bila kuhitaji waya. Kuzihamishia istilahi hizo kwenye umeme wa magari hakuhitaji kamati. Zikiunganishwa na mwelekeo, zinatoa hali nne, na kila hali ina tiba yake.

3.0 Injini inapoiingilia redio

Utambuzi huanza kwa sikio, na sikio hapa ni chombo bora kuliko kinavyodhaniwa. Redio huwashwa injini ikiwa imezimwa na ufunguo umetolewa, kisha ufunguo huwashwa bila kupiga stata, kisha injini huwashwa na kuachwa sailensa, halafu mwendo wake huongezwa polepole. Kinachosikika katika kila hatua huandikwa. Kelele inayoanza kabla injini haijawaka haiwezi kuwa ya oltaneta. Kelele isiyobadilika injini ikiongezwa mwendo haielekei kuwa ya injekta.

Sauti ya oltaneta ni mluzi. Tuseme oltaneta ina jozi sita za ncha za sumaku na umeme wa awamu tatu. Umeme wake ukishanyooshwa na daodi hubaki na mawimbi madogo 36 katika kila mzunguko. Kama kapi huizungusha mara tatu ya mwendo wa injini, injini ikiwa kwenye mizunguko 600 kwa dakika, oltaneta huzunguka mara 30 kwa sekunde na mawimbi hayo hufika 1,080 kwa sekunde, ambao ni mluzi wa kawaida wa binadamu. Injini ikifika mizunguko 1,800 mluzi hupanda hadi 3,240. Mtu yeyote asiye na tatizo la kusikia huufuata mluzi huo ukipanda na kushuka pamoja na mguu wa dereva. Mluzi uliozidi ghafla katika gari lililokuwa kimya mara nyingi ni dalili ya daodi moja iliyokufa, na hapo redio imefanya kazi ya kumtahadharisha mwenye gari juu ya betri zake.

Injekta hazipigi mluzi. Zinapiga kama cherehani. Injini ya silinda sita ya mipigo minne hupuliza mafuta mara tatu kwa kila mzunguko, hivyo kwenye mizunguko 600 kwa dakika kuna mipulizo 30 kwa sekunde, na kwenye 1,800 kuna 90, bila kuhesabu mipulizo midogo inayotangulia ule mkubwa. Ili injekta ifunguke upesi, kompyuta huipandishia umeme hadi makumi ya volti, na katika injekta za aina ya piezo zaidi ya volti 100, kisha huukata kwa ghafla. Kupanda na kukata huko kwa ukali ndiko kunakozaa mawimbi yanayofika hadi masafa ya HF. Waya wa kwenda kwenye injekta, ukiwa mrefu na umepita juu ya injini, huyarusha mawimbi hayo hewani kama antena ndogo isiyokusudiwa.

Chanzo cha tatu mara nyingi kimefungwa na mwenye gari mwenyewe. Malori makubwa hutumia umeme wa volti 24 kutoka betri mbili, na redio nyingi hutaka takriban volti 12, kwa hiyo huwekwa konveta. Konveta ya bei rahisi hukata na kuunganisha umeme mara makumi au mamia ya maelfu kwa sekunde, na hairudishi shukrani. Ikifanya kazi kwenye kilohezi 100, kwa mfano, mluzi wake husikika kwenye megahezi 7.0, 7.1, 7.2, na kuendelea hivyo kwa hatua zilezile. Kelele inayorudi kwa hatua sawa mtu anapozungusha masafa, na inayosikika hata injini ikiwa kimya, ni ya konveta au ya ndugu zake: taa za LED zilizoongezwa kwa urembo, chaja za simu, na vifaa vya kufuatilia lori. Kuvichomoa kimoja kimoja huchukua dakika kumi na kunaweza kumaliza kesi nzima.

Baadhi ya mafundi huikwepa konveta kwa kuchukua volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili. Kelele hutoweka, ni kweli, lakini betri hiyo hutumika kuliko mwenzake, oltaneta huzijaza zote mbili kama kwamba ni sawa, na baada ya miezi moja hufa njaa na nyingine hupikika. Konveta nzuri yenye kichujio ni nafuu kuliko betri mbili.

Chanzo kikijulikana, njia hutafutwa kwa jaribio moja tu. Antena huchomolewa kwenye redio na mahali pake hufungwa mzigo bandia wa omu 50, ili mtu akibonyeza kitufe kwa bahati mbaya redio isiungue. Kelele ikibaki, imekuja kwa mpitisho, ndani ya nyaya za umeme wa redio. Ikitoweka, ilikuwa inaingia kwa antena, yaani kwa mnururisho. Inashangaza ni mara ngapi jaribio hili hurukwa, na mtu akanunua kichujio cha waya wa umeme kwa kelele inayoingia juu ya paa.

Tiba ya mpitisho ni nyaya. Redio haipaswi kuchukua umeme kwenye tundu la kuwashia sigara wala kwenye boksi la fyuzi lililo karibu. Inapaswa kuwa na nyaya zake mbili nene, zilizosokotwa pamoja, kutoka kwenye betri au kwenye konveta yake, zenye fyuzi karibu kabisa na betri. Katika malori mapya yenye sensa ya kupima mkondo kwenye kichwa cha hasi cha betri, waya wa hasi wa redio hufungwa kwenye nukta ya chesesi iliyoonyeshwa na mtengenezaji, la sivyo sensa hupata hesabu ya uongo. Tiba ya mnururisho ni umbali na feraiti: antena kusogezwa mbali na upande wa nyaya za injekta, na vipete vya feraiti vya kubana kwa nje kuwekwa kwenye fungu la nyaya karibu na kompyuta. Kuongeza kapasita kwenye waya wa injekta, kama ilivyofanywa zamani kwenye koili za petroli, ni kosa. Hubadili umbo la umeme ambao kompyuta huutegemea kupima wakati wa mpulizo.

4.0 Redio inapoiingilia injini

Hali hii ndiyo yenye hatari zaidi, na ndiyo isiyo na jina. Dalili zake ni taa ya injini kuwaka, mshale wa mwendo kurukaruka, injini kupungua nguvu au kuzima, na vyote hivyo kukoma kitufe kikiachiwa. Aina ya redio hutoa ushahidi wa ziada. Redio ya VHF ya mfumo wa FM hutoa nguvu ileile tangu kitufe kinapobonyezwa hadi kinapoachiwa, mtu aseme au anyamaze. Redio ya HF ya mfumo wa SSB haitoi nguvu karibu yoyote mtu akinyamaza, na hupanda na kushuka kwa kufuata sauti. Matokeo yake ni kwamba injini iliyoingiliwa na SSB hutikisika kwa silabi: dereva akitaja jina la kituo, injini hukohoa kwa kadiri ya mkazo wa maneno, na akivuta pumzi, hutulia. Katika Kiswahili, ambamo mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mdundo huo hutambulika kwa urahisi. Injini inayokata kwa kitufe ina shida na FM au na wayaringi wa kitufe. Injini inayokata kwa maneno ina shida na SSB.

Sababu yake huanzia kwenye udogo wa ishara za injini. Sensa ya pedali ya mafuta huripoti kwa volti zilizo kati ya nusu na nne na nusu hivi. Sensa ya fito kombo ya aina ya koili hutoa ishara ndogo sana injini ikizunguka polepole. Redio ya wati 100 kwenye antena ya omu 50 ina volti zipatazo 70 na ampea 1.4. Sehemu ndogo tu ya umeme huo ikiingia kwenye waya wa sensa, daodi na transista zilizo ndani ya kompyuta huunyoosha na kuugeuza kuwa volti ya uongo, na kompyuta huamini kwamba mguu wa dereva umesogea au kwamba fito kombo imesimama.

Watengenezaji hawakulisahau jambo hili. Kanuni Namba 10 ya Umoja wa Mataifa kuhusu magari hutaka gari livumilie uga wa volti 30 kwa kila mita katika sehemu kubwa ya masafa ya megahezi 20 hadi 2,000. Tarakimu mbili katika sentensi hiyo zinastahili kusomwa tena. Kwa hesabu rahisi, antena ya wati 25 huzalisha volti zipatazo 27 kwa kila mita mtu akiwa mita moja kutoka kwayo, na kiasi hicho huongezeka maradufu kwenye nusu mita. Antena ya VHF iliyofungwa karibu na kioo cha mbele, juu ya pedali na nyaya zake, inaweza basi kuvuka kiwango ambacho gari lilipimwa nacho. Tarakimu ya pili ni ile megahezi 20. Masafa mengi ya HF yanayotumika katika ukanda huu yako chini ya hapo. Lori linaweza kuwa na vyeti vyote na bado likawa halijapimwa hata mara moja kwa redio iliyofungwa ndani yake.

Tena, katika HF, antena si ile fimbo peke yake. Fimbo ni nusu. Nusu ya pili ni lori. Mkondo unaopanda kwenye fimbo lazima upate pa kurudia, na hurudi kupitia kabini, chesesi, na chochote cha chuma kilichounganika navyo, zikiwemo nyaya za injini. Kwenye megahezi 7.1 robo ya urefu wa wimbi ni mita 10.6, ambao ni urefu wa kawaida wa lori. Chesesi yenyewe, pamoja na nyaya zilizolala juu yake hadi taa za nyuma, imekuwa antena. Fimbo ya mita tatu kwenye masafa hayo ni fupi mno, ukinzani wake ni wa omu chache, na kwa hiyo mkondo unaopita kwenye kitako chake huzidi ampea mbili kwa wati zilezile 100. Hii ndiyo sababu kukazia fikira fimbo, kuibadilisha au kuirefusha, mara nyingi hakusaidii, ilhali kuunganisha vipande vya lori husaidia.

Vipande hivyo havijaungana kama vinavyoonekana. Kabini imekaa juu ya mipira, boneti ina bawaba zenye rangi na grisi, bomba la eksosi limening'inizwa kwa mipira. Hapa maneno ethi na masi yameleta madhara kidogo, kwa sababu yote mawili humpa fundi picha ya kitu kimoja kikubwa kilicho sawa kila mahali. Akiweka kipima-umeme baina ya kabini na chesesi na kupata sehemu ya mia ya omu, huridhika. Kipimo hicho ni cha umeme wa betri. Waya wa mita moja una ukinzani mwingine kwa umeme wa redio: kwenye megahezi 10 hufika takriban omu 60, hata kama kipima-umeme kinasema sifuri. Isitoshe, umeme wa masafa hayo hupita juu ya ngozi ya shaba tu, kwa kina kisichozidi sana sehemu mbili za mia za milimita. Kinachohitajika ni mkanda mpana na mfupi wa shaba iliyosukwa, ambao urefu wake hauzidi mara tano ya upana wake, uliofungwa chuma kwa chuma baada ya rangi kukwanguliwa, kisha kupakwa grisi ili usishike kutu. Kabini kwa chesesi, boneti kwa kabini, eksosi kwa chesesi, na juu ya yote, kitako cha antena kwa chuma kilicho chini yake.

Baada ya hapo hufuata kebo ya antena. Haipaswi kulala sambamba na nyaya za injini. Zikilazimika kukutana zikatane kama msalaba. Karibu na kitako cha antena, kebo hupitishwa mara kadhaa ndani ya pete ya feraiti ili kuuzuia mkondo unaotaka kurudi kwa nje yake. Idadi ya mizunguko ni muhimu kuliko idadi ya pete, kwani kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: mizunguko minne huzuia mara kumi na sita ya mmoja, kwa masafa ambayo feraiti hiyo imeundiwa. Aina inayouzwa kwa namba 31 hufaa HF, na ile ya namba 43 hufaa zaidi VHF. Pete iliyookotwa bila namba inaweza kuwa ya kazi nyingine kabisa.

Mwisho ni upande wa injini yenyewe, ambako fundi hupaswa kutazama zaidi kuliko kugusa. Ganda la waya wa sensa ya fito kombo linaweza kuwa limekatika. Nyaya mbili zinazobeba mawasiliano baina ya kompyuta za lori zimesokotwa kama kamba kwa sababu maalumu: usumbufu unaoziangukia huzipata kwa kiasi sawa, na kompyuta hupima tofauti yao tu. Aliyefunga kifaa cha kufuatilia lori akazinyoosha kwa urefu wa mkono na kuziunga kwa gundi ya karatasi ameiondoa kinga hiyo. Ni vema kumuuliza dereva kama tatizo lilianza baada ya kifaa kipya kufungwa, na swali hilo nalo ni la wakati na sharti.

Majaribio ya hali hii hufanywa lori likiwa limesimama, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, na injini inawaka. Nguvu ya redio hupunguzwa hadi wati 10 kisha hupandishwa, na masafa hubadilishwa kulingana na leseni. Hitilafu inayokuja kwenye megahezi 7 na kutoweka kwenye 12 inaelekeza kwenye urefu wa waya fulani. Jambo moja halifanywi kamwe: kuchomoa betri injini ikiwa inawaka ili kuona kama oltaneta ndiyo yenye kelele. Desturi hiyo ya magari ya zamani, katika lori la volti 24, inaweza kurusha mshindo wa zaidi ya volti 100 ndani ya kila kompyuta iliyomo.

Kinachobaki kuandikwa kwenye daftari la gari ni kifupi, na kinapaswa kueleweka kwa fundi wa mpaka wowote: masafa yaliyotumika, wati, nani alimwingilia nani, kwa waya au kwa hewa, na mkanda gani ulifungwa wapi. Kwa kuwa ethi ya Kampala itasomwa na mwenye masi wa Goma, inafaa maneno yote mawili yaandikwe, yakitenganishwa kwa mkwaju, na sentensi ya dereva iachwe kama alivyoisema, pamoja na -ki- yake.